Chuma Chini ya Landrova

Nitasema, na asiyetaka kusikia azibe masikio. Mume wangu Lukumani alimharibia ndugu yangu jina kwa sababu ya kipande cha chuma, na mimi nilikuwapo tangu mwanzo mpaka mwisho.

Lukumani alikuwa na duka la unga na samaki wakavu pale Kikula, mtaa wa Likasi, na Landrova moja ya kupeleka mali Kakanda kwa watu wa migodi. Dereva alikuwa Aruna, ndugu yangu wa tumbo moja. Miaka tisa hakuwahi kugonga hata mbuzi. Mvua za mwaka wa sabini na sita zikaharibu barabara, gari likawa linakwaruza tumbo kwenye matope, na mume wangu akaja na akili zake. Akaamuru springi zitolewe chini ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, zifungwe juu yake, ili gari liinuke.

Aruna alimwonya siku ileile. "Shemeji, ikiinuka hivi, ekseli itajipinda kila nikianza mulima na mizigo. Tuweke na chuma ya kuishikilia."

Lukumani alicheka. Gari liliinuka kweli, akawa anazunguka nalo Kikula kama bwana harusi.

Mwezi haukuisha, kardani ikakatika. Kardani ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Ikikatika, umelala porini. Ikanunuliwa nyingine, nayo ikakatika kwenye mlima uleule wa karibu na Kakanda. Hapo mume wangu akafungua mdomo, tena si nyumbani. Alisema sokoni, mbele ya madereva wote: "Aruna iko na muguu muzito. Anakanyaga motokari sawa vile anaua nyoka."

Likasi nzima dereva anaishi kwa maneno ya madereva wenzake. Ukishaitwa mguu mzito, hakuna atakayekupa ufunguo. Aruna ana watoto watano. Mimi nililijua hilo, na mume wangu alilijua vizuri kuliko mimi.

Aruna akamleta Firmin, fundi wa kuchomelea. Firmin aliingia chini ya gari, akatoka na mgongo umejaa vumbi, akasema ni ekseli inayojipinda na kukata kardani, na dawa yake ni kazi ya nusu siku: chuma kimoja kirefu, ncha moja ichomelewe kwenye ekseli, nyingine ining'inizwe kwenye shasi, kiunzi cha gari, kwa kiungo kinachocheza, ili springi ziendelee kupanda na kushuka.

"Hapana," Lukumani akasema. "Nikiweka ile chuma, bantu watasema nini? Kama minye njo niliharibu motokari yangu mwenyewe?"

Kayasema hayo kwa kinywa chake, kwamba anaogopa kuambiwa yeye ndiye aliyeharibu gari lake, macho makavu, na ndugu yangu amesimama palepale. Nikapandwa na hasira.

"Baba Dunia," nikamwita kwa jina la mtoto wetu, "weye iko na muguu mwepesi. Kesho twende Kakanda, weye kwa usukani, minye nyuma juu ya magunia. Tukifika, nitanyamaza mpaka kaburini. Ikikatika, unaweka chuma, na unaenda kusema kulekule sokoni: nilimusingizia Aruna."

Firmin alikuwa anasikia, kwa hiyo Lukumani akakubali.

Aliuanza mlima polepole, kama anayebeba mayai. Tulipofika katikati, sehemu ya nyuma ikaanza kurukaruka, magunia yakanigonga mbavu, kisha nikasikia chuma kikipasuka chini yangu. Nikashuka kwenye matope, nikaenda mpaka mlangoni mwake.

"Sasa muguu ya nani?"

Alishikilia usukani tu, anatazama mbele.

Chuma kiliwekwa wiki ileile. Mimi nikangoja siku ya soko. Ikapita, ikapita na ya pili. Nilipomwuliza, aliniambia chuma ameshaweka, nataka nini tena.

Aruna alikuja nyumbani. "Shemeji, sema tu. Palepale sokoni ulisemea."

Lukumani akamtolea Aruna kitenge kipya ampelekee mkewe, akamwambia yaishe. Aruna akaweka ufunguo wa gari juu ya kile kitenge, akatoka.

Alizunguka kwa wenye magari watatu, wote wakamkataa. Leo anabeba magunia ya saruji mgongoni. Landrova anaiendesha Octave, kijana ambaye jana tu alikuwa anaosha magari, na kwa sababu ya kile chuma hajavunja kitu. Juzi nikamsikia mume wangu anamsifu sokoni: "Huyu njo dereva." Nikaacha wazi unga niliokuwa nauza, nikaenda nikasimama katikati yao, kando ya Landrova.

"Laleni chini mutazame," nikawaambia. "Ile chuma Aruna aliiomba kabla ya kardani ya kwanza kukatika. Huyu aliikataa kwa kuona haya, akamupaka ndugu yangu matope."

Wawili walilala, wakatazama. Lukumani akatabasamu, akasema mama anatetea damu yake. Madereva wakatikisa vichwa, wakasema ndiyo, damu ni damu. Wale wawili wakasimama, wakajipangusa, wakasifu kazi ya Firmin. Mmoja akamwuliza mume wangu akili ile ya kuweka chuma aliitoa wapi.

Akamjibu kwamba ilitoka kichwani mwake.