Alima katika Dosiye ya Kwanza

Wiki moja baada ya mlima Nyiragongo kupasuka, jivu lilikuwa bado linashuka Lac Vert, jepesi kama unga unaopepetwa na mutu asiye na haraka. Ardhi ilitikisika, ikatulia, ikatikisika tena, mpaka sikujua kama ninatikiswa au ninasinzia.

Tulikuwa tumekimbia mtaa wetu wa Majengo, mimi na mjukuu wangu Shakila, anayeniita Koko kama wajukuu wote wa kwetu, tukapokelewa kwenye nyumba ya mbao ya binamu yangu Aruna. Vyombo tulivitawanya, kama desturi yetu sisi tuliokimbia mara nyingi: masufuria kwa Aruna, vyeti kwa shemeji, cherehani kwa jirani aliyekataa kuondoka. Moto au waasi wasije wakavimeza vyote kwa siku moja.

Shakila anasoma informatiki. Kwenye ordinatere yake, kompyuta ya kubeba, alikuwa anajenga sayiti ya watu waliopotezana na ndugu zao. Unafinya jina kwenye vibonye, uso unatokea, na chini yake mahali alipo. Haikuwa imetoka kwenye enterneti bado. Alikuwa anaijaribu hapo hapo mezani. Picha alitumiwa kwenye kle, kile kidude cha kuchomeka, na Grégoire, mwenzake wa masomo, aliyekuwa anapiga watu picha huko Sake.

Asubuhi hiyo akaingia Annonciata, mama wa Masisi anayetuuzia maziwa. Alikuwa anamtafuta mama yake mzazi, Mukamugema, waliyeachana naye barabarani kwenye msongamano.

"Koko, nisaidieni. Bwato ya Bukavu inaondoka saa sita. Banasema bazee wengi balienda kule. Kama mama haiko humu, napanda."

Shakila akafinya jina. Kumbe lipo! Mukamugema, Sake, tangu jana. Uso ukapanda polepole kwenye kioo.

Annonciata akautazama sana. "Huyu haiko mama yangu. Mama amebakiza meno mbili tu, huyu anacheka kama bibi harusi. Ni Mukamugema mwingine." Akakaza kitenge kiunoni, akaelekea mlangoni.

Mimi nikainama. Alikuwa Alima.

Dada yangu Alima, aliyepotea vita vya tisini na sita, kwenye njia ya Walikale. Hatukumzika, hatukumsomea hitima. Na chini ya uso wake pameandikwa Sake, jana. Chumba kikawa laini kama usufi. Nikamwona anakuja juu ya mawe meusi yanayofuka moshi, miguu mitupu, haungui, ananiuliza kama nimekunywa chai.

Lakini mimi ni mutu wa kutazama polepole. Karibu na sikio lake palikuwa na doa la kahawia, umbo la punje ya haragi. Doa hilo nalijua. Ni chai niliyoimwaga mwenyewe, siku ya Idi, nikipangusa picha yake ya ukutani kwetu. Na Alima wa leo angekuwa amepita miaka sitini. Huyu hakuwa na kunyanzi hata moja.

Ningenyamaza kidogo tu, Alima angebaki Sake kidogo zaidi. Annonciata alikuwa amekwisha vaa sandali.

"Shakila, picha hii umeitoa wapi?"

Akashika kichwa. "Koko, ni ile ya nyumbani! Niliiweka ya kwanza, ya baraka."

Kwetu hatuanzi kitu kipya bila kuwataja wakubwa wetu. Yeye aliwataja kwa picha. Ile ya Alima akaipa jina “picha ya kwanza”, na Grégoire huko Sake naye alipompiga Mukamugema, akaipa yake jina hilo hilo.

"Sasa ordinatere inachagua vipi?"

"Nimeiambia ianze kwenye dosiye yangu, kikasha changu cha picha. Ikikosa, ndipo iende kwenye ya Grégoire. Ikipata kwangu, haiendi mbali."

"Kama mimi na sufuria. Nikiipata kwa Aruna, kwa shemeji sipigi hata hodi. Basi itume kwa Grégoire kwanza." Nikapaza sauti: "Annonciata! Rudi!"

"Koko, bwato itaniacha!"

"Ikuache!"

Shakila alikuwa ameweka vidole, hafinyi. "Alima atafichwa, Koko."

"Geuza."

Dada yangu akatoka kwenye kioo. Mahali pake akakaa bibi mwenye meno mawili, amekunja uso kama anayetaka kumpiga Grégoire fimbo.

"Mama!" Annonciata akaanguka kwa magoti, anacheka, kamasi zinamtoka. "Mutazame hasira yake! Nani amemunyanganya tumbako?"

Hakungoja chai. Tulimwona akisimamisha pikipiki ya kuelekea Sake, kitenge kimejaa jivu. Honi ya bwato ikalia ziwani, wala hakugeuka.

Shakila akavuta kiti karibu nami. "Koko, tuna orodha ya wanaotafutwa pia."

"Andika. Alima binti Kitwana. Mrefu kunipita. Ana kovu kwenye kidole gumba, kisu cha mihogo."

"Miaka?"

Nikahesabu kwa vidole, taratibu, nikamwambia miaka yake ya leo, si ya kwenye picha.