Mpira wa Mtungi

Frida na mumewe Obedi walikuwa wapambaji wa kumbi pale Miyuji. Jumamosi ile walibakiza maputo machache tu kabla ya wageni kuja kumuaga binti aliyekuwa anaolewa. Kaka wa binti, Tumsifu, alikuwa ameanza bia tangu asubuhi, na kazi yake ilikuwa kuwafokea.

Obedi akavuta gesi ya puto moja, akamwigiza: "Fanyeni haraka, mwenye shughuli ni mimi." Heliamu ilimpa sauti nyembamba kama ya kifaranga. Wapishi wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Tumsifu hakucheka. Alimjia Obedi kwa nyuma, akamkaba shingo, akamburuta hadi kwenye mtungi wa gesi ya maputo na kumsokomeza mpira wa kujazia mdomoni.

"Si unaipenda? Kunywa yote." Akafungua koki.

Gesi haikungoja Obedi avute. Ilijisukuma yenyewe ndani, kifua kikatuna, visigino vikapigapiga sakafu. Frida alikuwa juu ya ngazi. Hakukumbuka alivyoshuka. Alikumbuka spana ya mtungi mkononi, na mfupa wa mkono wa Tumsifu ukivunjika. Mpira ukachomoka. Akampiga tena begani. Akampiga mara ya tatu, Tumsifu akiwa tayari yuko chini.

Obedi alitokwa na damu yenye povu, midomo imebadilika rangi. Frida alipomshika shingo, ngozi ilitatarika chini ya vidole, kama kuna hewa imenaswa humo.

"Pafu limepasuka," daktari alimwambia hospitalini. "Hata gesi ya puto humwangusha mtu, maana inachukua nafasi ya hewa. Ya mtungi inachana kabisa." Wakamtoboa Obedi ubavuni, wakapitisha mrija.

Kituoni, askari alishika kalamu. "Dada, pigo la kwanza ulikuwa unamwokoa mumeo. Hayo mengine?"

"Hasira."

"Niandike hivyo?"

"Andika."

Alipopata dhamana, siku ya tatu, alimkuta Obedi ameketi kitandani, kila pumzi inamkunja uso.

"Yule yuko wapi?" Obedi aliuliza kwa taabu.

"Wodi ya pili. Mkono na bega vimevunjika. Kuna polisi mlangoni."

"Ungemuua, Frida."

"Nilitaka kumuua," alisema. Akamsogezea kikombe cha uji, uji ukamwagikia shuka. Obedi akamshikia kikombe.