Kiti cha Bibi Emilia

Siwapendi washiriki wanaojificha nyuma ya maneno ya wenzao. Kwenye majadiliano ya kikundi ya utafiti wangu nataka kila mtu atoe lake. Mchana ule, huko Makutupora, niliwaketisha vibarua wa shamba la zabibu kwa duara, wote wanawake, nikauliza swali la kwanza: kazi hii imewabadilishaje?

Wote wakageukia kiti kimoja kitupu kama wanaomsikiliza mtu, wakatikisa vichwa kukubali. Kisha mmoja wao, Violeth, akasema, "Mimi naungana na Bibi Emilia."

"Bibi Emilia yupi? Hakuna aliyesema!"

"Ndiye mkubwa wetu. Alianguka shambani msimu uliopita, tukamzika. Hatuwezi kumtangulia kusema."

Nikauliza la pili. Wakakigeukia tena kile kiti, na jibu likawa lilelile. Nikakizima kinasa sauti kwa hasira. "Haya, sasa hivi anasema nini?"

Violeth akainamisha macho. "Anauliza mbona umeingia hujamsalimia."

Nikacheka. Nikakikazia macho kile kiti, nikasema kwa kejeli, "Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu," ikaitikiwa taratibu, nyuma ya shingo yangu.