Duara la Sitini na Moja

Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Mzee Dekio aliyazoa kila siku, asubuhi na mchana, kwenye sakafu ya maabara ya hospitali, na hakuna aliyewahi kumwambia ahsante. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika pale. Walimwita kwa chombo chake cha kazi, naye aliitika, maana mtu wa chini akianza kuchagua majina hatamaliza siku.

Asubuhi hiyo alisimama katikati ya korido, ndoo pembeni, karatasi mkononi, akiisoma kwa kidole. Shule yake iliishia darasa la nne, lakini neno lile angelitambua hata lingeandikwa kwa mkaa: HAKUNA. Hakuna vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi ya binti yake.

Mwaka jana alishika karatasi mbili kama hiyo, za mkewe. Hakuna, na tena hakuna. Mkewe akapewa dawa ya kikohozi, akanywa chupa nne akisifu utamu wake. Karatasi ya tatu ikasema wapo, tena tele. Siku kumi na moja baadaye akamzika.

Sasa ni zamu ya binti. Fundi cherehani, mtu wa kucheka na wateja, wiki ya sita hii anakohoa. Sketi anaifunga kwa pini. Jana alikohoa juu ya gauni jeupe la mteja, likabaki na doa jekundu.

"Baba, si wamesema sina?" alimwambia pale kwenye benchi la wagonjwa.

"Hata mama yako walimwambia hana."

"Daktari kasema bila karatasi inayosema wapo hanianzishii dawa. Nirudi baada ya mwezi."

"Mwezi!" Mzee alicheka kicheko kisicho na meno. "Yeye ana miezi mingi, mwanangu. Kaa hapo. Usiende popote."

Lakini aende kwa nani? Na Mungu walishagombana. Alimwomba siku kumi na moja mfululizo, kwa magoti haya haya ya kupigia deki, akajibiwa kwa jeneza. Na wasomi wa maabara walishagombana pia, ingawa wao hawakujua. Mtu akigombana na wewe kimoyomoyo huku anakufutia meza, utajuaje?

Miaka saba ya kufagia pale ilimfundisha namna kazi inavyofanywa. Makohozi hupakwa kwenye kipande cha kioo, yakatiwa rangi, yakawekwa chini ya hadubini. Ukichungulia unaona duara moja la buluu. Ukikisogeza kioo kidogo, unaona duara jingine. Kijidudu, kama yupo, ni kijiti chekundu, chembamba kuliko unywele. Kanuni imebandikwa ukutani, naye ameipangusa vumbi mara nyingi mpaka ameikariri: usiandike HAKUNA kabla hujatazama maduara mia moja.

Mia moja! Na vioo sitini kwa siku! Mkuu wa maabara alitaka sitini, kwa sababu wakubwa wake walitaka sitini. Basi msomaji mmoja, waliyemwita Chapuchapu, alitazama maduara ishirini, akapiga miayo, akaandika. "Haraka yangu mimi ina baraka," alikuwa akisema, na Mkuu akimsifu mbele ya wenzake.

Msomaji wa pili alikuwa mama wa makamo, Bi Mia. Yeye alifika mia, kila kioo, na jina likamganda. Mkono wa kulia ulisogeza kioo. Wa kushoto ulishika tasbihi chini ya ukingo wa meza. Duara moja, punje moja, midomo ikicheza: Subhana Llah. Punje tisini na tisa, na ile kubwa ya kichwani, mia. Vioo ishirini na tano vikimalizika, siku yake imekwisha.

Mzee Dekio alipomzika mkewe, midomo ile ndiyo aliyoiona usingizini. Akajiambia: ndiye huyu. Macho kwenye hadubini, moyo uko mbinguni, mke wangu kapita katikati. Akaenda kwa Mkuu, kofia mkononi, akashtaki. Mkuu akafurahi kama aliyeletewa zawadi.

"Hapa ni mahali pa ushahidi," alitangaza. "Mungu abaki nje pamoja na viatu. Tena hizo punje zinabeba uchafu." Tasbihi ikatiwa kwenye droo ya Mkuu. Bi Mia akahamishiwa dirishani, kuandika majina ya wagonjwa kwenye vikopo. Ilikuwa miezi minane iliyopita, na Mzee Dekio aliona haki imetendeka.

Sasa alisimama mbele ya dirisha lile, karatasi ikiloa kwa jasho la kiganja.

"Bi Mia."

Hakuinua kichwa. "Leo una neno na mimi? Miezi minane unapiga deki ukinizunguka kama mguu wa meza."

"Nina kioo nataka ukisome."

"Siku hizi nasoma majina. Vioo vina wenyewe."

"Ni cha binti yangu."

Kalamu ikasimama. "Kakisoma nani?"

"Chapuchapu."

Mzee akasubiri atukanwe. Alijua anastahili, ndiyo maana alikunja uso mapema. Badala yake mama yule aligeuza kibao cha dirishani, akavuta koti lake jeupe. "Mkuu yuko wapi?"

"Mkutanoni. Na mwenzako yuko kwenye chai."

"Basi tuna chai moja tu. Kilete."

Vioo vilivyosomwa hutunzwa kwenye makasha, na makasha hupanguswa na nani? Alikipata mara moja. Bi Mia akalinganisha namba na daftari, akadondosha tone la mafuta juu ya kioo, akakaa.

"Kuna jambo," alisema. "Tasbihi sina, na kichwa cha mtu ni mwongo. Kikifika arobaini kinakwambia umefika sitini. Utanihesabia wewe."

"Nikuhesabie, au nikuombee? Maana Mungu wako sina neno naye."

"Sijakuuliza una neno na nani. Nakuuliza unajua kuhesabu mpaka mia?"

"Na hao wadudu," Mzee alisema, na sauti ikamkwaruza, "huyo unayemtaja kila duara, si ndiye kawaumba?"

"Ndiye. Na macho kaumba yeye, na aliyebuni hii hadubini kamuumba yeye, na uvivu wangu naujua mimi. Simama hapo. Nikigonga meza, sema namba."

Akagonga.

"Moja," alisema Mzee Dekio.

Ishirini ilipita. Alijua ndipo Chapuchapu alipoishia, akamwangalia Bi Mia usoni. Hakuna kilichobadilika. Thelathini. Arobaini. Kidole kiligonga, midomo ikacheza, yeye akatamka namba. Kule nje kwenye benchi alisikia kikohozi. Angekitambua kati ya vikohozi elfu. Hamsini. Sitini. Alianza kufikiri, vipi kama kweli hamna? Vipi kama nimemtoa mtu kazini kwake, nikamrudisha kwa wizi, na hamna kitu?

"Sabini," alisema. "Sabini na moja."

Kidole hakikugonga tena. Bi Mia alikaza jicho, akazungusha kifundo cha hadubini taratibu, mbele, nyuma. "Njoo."

Mzee aliinama. Bahari ya buluu, na katikati yake, kama uzi uliokatika kwenye cherehani ya binti yake, kijiti chekundu.

"Ndiye?"

"Ndiye. Usishangilie. Mmoja watasema ni chembe ya rangi. Twende mpaka mia."

Kwenye sabini na tisa walimpata wa pili. Kwenye themanini na tatu vikasikika viatu vya Mkuu kwenye korido, vile viatu vyake vya kulia kwii, kwii, kama panya aliyebanwa mlangoni. Mkutano umekwisha mapema. Wakubwa huchelewa siku zote ila siku usiyotaka.

Bi Mia hakuinua jicho. "Nikiondoka hapa nimepoteza mahali," alinong'ona. "Atakitupa."

Mzee Dekio aliipiga ndoo teke. Maji yenye sabuni yakatambaa mpaka kizingitini, yakalala pale yakitoa povu. Mlango ukafunguka.

"Usiingie, Mkuu! Pamelowa!"

"Nini hiki? Huyo anafanya nini kwenye hadubini? Nani kampa ruhusa?"

"Themanini na nne," alisema Mzee, maana meza ilikuwa imegongwa. "Sabuni tupu hiyo, Mkuu, utaanguka. Si uliandika mwenyewe? Soma mlangoni: hapiti mtu sakafu ikiwa imelowa, na akiteleza mtu mimi ndiye wa kufukuzwa. Themanini na tano."

"Kausha hapo!"

"Nakausha, bosi wangu." Akasukuma dekio kwenda mbele, na maji yakaenda nalo, yakagusa ncha za viatu vile. Mkuu akaruka nyuma. "Themanini na sita. Uzee huu, mkono hauna nguvu. Themanini na saba."

"Mzee, umelewa? Unanihesabia nini?"

"Themanini na nane."

"Wa tatu," alisema Bi Mia.

Mkuu alijaribu kuingiza mguu, ukateleza, akajishika kwenye mwimo wa mlango, tai ikiwa begani. Kwenye korido watu walianza kusogea kutazama. Binti naye alisimama, kitambaa mdomoni. Mzee alipiga deki pale pale, akizungusha povu, na namba zikamtoka moja moja kwa sauti ya mnadi. Kwenye tisini na sita alipatikana wa nne. Kwenye mia, Bi Mia aliinua jicho lenye alama ya duara, akavuta daftari, akaandika: wapo, wanne katika mia. Akatia sahihi, akajaza na karatasi mpya ya majibu.

Ndipo Mzee alipokausha njia.

Mkuu aliingia akihema. "Kumbe! Wewe si ndiye uliyeniletea mashtaka juu ya mwanamke huyu? Leo mmekuwa kitu kimoja? Mnafanya ibada kwenye maabara yangu?"

"Tazama mwenyewe, Mkuu," alisema Bi Mia. "Kioo kipo. Kama ni ibada, hivyo vijiti vyekundu vitatoweka ukichungulia wewe."

Hakuchungulia. Labda hapo ndipo alipokosea, maana alisema, "Mimi ninafuata sayansi."

"Sayansi iko ukutani, nyuma yako. Imesema mia. Sikuiongeza wala kuipunguza. Nilitafuta tu kitu cha kunishikisha adabu nifike, kwa sababu binadamu akiachwa peke yake huishia ishirini." Akamgeukia Mzee Dekio, na sasa sauti yake ndiyo iliyokwaruza. "Kaka, kioo cha tatu cha mkeo nilikisoma mimi. Vile viwili vya mwanzo havikuwa vyangu. Nilipoona wamejaa, nikarudi kwenye kasha, nikakitoa cha kwanza, nikakisoma. Kijidudu alikuwapo. Duara la sitini na moja."

"Hayo tulishayamaliza!" Mkuu alifoka.

"Tuliyamaliza mimi na wewe. Uliniambia nisichafue jina la maabara. Nami nikanyamaza." Macho yake hayakubanduka kwa Mzee. "Nimesali sana juu ya ukimya huo. Nilipaswa kusema."

Mzee Dekio alishika mpini wa dekio kwa mikono miwili, na waliokuwa mlangoni waliapa baadaye kwamba walidhani ataupasua juu ya kichwa cha mtu. Hawakuwa na hakika cha nani. Cha Mkuu, aliyejua, akapokea mashtaka yake ya uongo kwa tabasamu? Cha huyu mama, aliyejua akafunga mdomo? Au chake mwenyewe, aliyemtoa kwenye hadubini mtu pekee aliyefika mia?

Kule nje binti akakohoa.

Mzee aliachia mpini. Akachukua karatasi mezani, mpya, wino haujakauka, akapita mbele ya Mkuu bila kumsalimu.

"Wote wawili mtapata barua!" Mkuu alipiga kelele nyuma yake.

"Iandike kwa herufi kubwa," alijibu. "Mimi ni wa darasa la nne."

Saa nane mchana binti alimeza vidonge vyake vya kwanza mbele ya muuguzi, akakunja uso. "Vichungu, Baba."

"Vizuri," alisema Mzee. "Ile tamu tunaijua."

Kisha akarudi kazini, kwa kuwa barua ilikuwa haijaja. Alifagia ofisi ya Mkuu kama kila siku. Mkuu hakuwapo, na ufunguo ulikuwa umeachwa kwenye droo, maana hakuna bosi anayemficha kitu mfagiaji. Humhesabu pamoja na viti. Tasbihi ilikuwa chini ya mafaili. Akaibeba mpaka maabara, kwenye meza ya zamani ya Bi Mia, ambako kiti kilikuwa kitupu. Mwenyewe alikuwa bado dirishani, akiandika majina.

Chochote kinachokaa kwenye meza ile sharti kifutwe kwa spiriti. Kanuni hiyo nayo iko ukutani, na juu ya uchafu, lazima akiri, Mkuu alikuwa na neno. Akalowesha pamba, akaanza na punje ya kwanza. Hakusema Subhana Llah. Ugomvi wake na Mungu ulikuwa bado pale pale, hakuna upande ulioomba radhi. Alihesabu tu, kwa sauti ya chini, punje baada ya punje, na ishirini ikampita, na arobaini.

Kwenye sitini na moja vidole vilisimama. Ilikuwa punje kama zile nyingine, nyeusi, imelainika kwa kushikwa. Akaifuta. Akaifuta tena, mpaka pamba ikakauka, na spiriti ikamwingia machoni, au alisema hivyo alipoulizwa.

Akachukua pamba nyingine. Sitini na mbili.