Baiskeli Yenye Kiti cha Nyuma

Nilikwenda kwenye duka la baiskeli za umeme moja kwa moja kutoka kazini, miguu ikiniwaka moto, na nilifanya hivyo makusudi. Wenzangu saluni walinishauri niende Jumapili, nikiwa nimepumzika. Niliwacheka. Sisi wasusi tunasimama kutwa, na baiskeli nitakayoipenda siku niliyolala mpaka jua kali haitanisaidia jioni ya kazi, vidole vimekakamaa na magoti hayataki kukunjika.

Mume wangu alinisindikiza. Saluni nzima wanamwita Bwana Kimya, kwa sababu kila asubuhi hunishusha mlangoni kwa pikipiki, huwapungia mkono, huyo, ameondoka. Anafanya kazi kwenye ghala la vigae lililo jirani na saluni yetu, chini ya mlima.

Sasa mama mwenye saluni alikuwa amefungua nyingine huko juu mlimani, na alitaka mimi niisimamie. Ufunguo ungekaa kwangu, na wasusi wengine chini yangu. Nimeutamani ufunguo kama huo tangu enzi nilipokuwa nafagia nywele walizokata wengine. Sharti lake lilikuwa moja tu: asubuhi wateja wakifika waukute mlango wazi, bila hadithi. Pikipiki yetu imezeeka, inakohoa hata penye tambarare, na mlima ule haiuwezi. Jibu lilitakiwa kesho yake. Bila baiskeli, ufunguo ungekwenda kwa mwingine.

"Karibuni," akasema dada muuzaji. "Mnanunua ya nani?"

"Yangu," nikamjibu. "Huyu ni shahidi."

Shahidi akageuka wakili wa upande wa pili. Baiskeli ya kwanza ilikuwa nyepesi na ya kupendeza. Akachuchumaa, akalibonyeza tairi kwa kidole gumba. "Jembamba hili. Mvua moja tu, uko mtaroni." Nikakubali, alisema kweli. Ya pili betri yake haichomoki, na sisi tunakaa ghorofa ya tatu. "Utaichaji wapi? Uning'inize waya dirishani?" Hapo pia alisema kweli, na nikacheka.

Ya tatu niliijaribu kwenye kimwinuko kilicho nyuma ya duka. Nilikanyaga pedali kidogo tu, mota ikaitikia, na magoti yangu yakasahau kulalamika. Breki zilishika vizuri. Betri ilichomoka, nikaibeba kwa mkono mmoja. Nilirudi nikitabasamu mpaka jino la mwisho. Mume wangu akaizunguka, akaizunguka tena.

"Rangi yake," akasema.

"Ina nini?"

"Sijui. Haikai vizuri."

Mwanamume huyu huvaa soksi mbili zisizofanana na hana habari! Nilikwenda kusimama nyuma yake. Nywele zake nakata mimi, na kwa miaka tisa nimekaa nyuma ya kisogo chake kila asubuhi, nakijua kuliko hata uso wake. Akidanganya, ngozi ya shingo hujikunja chini ya mstari wa nywele. Ilikuwa imejikunja.

"Baba watoto, hutaki nichukue ile kazi?"

"Nataka. Tena nataka sana."

"Basi kuna nini?"

Dada muuzaji akakumbuka ghafla kwamba ana vitu vya kupanga stoo.

"Nikifika ghalani naongea na vigae mpaka jioni," mume wangu akasema, macho yake chini. "Nyumbani watoto wana zamu yao, mama yako naye ana zamu yake kwenye simu. Asubuhi tu ndipo unapokuwa wangu. Unaniongelea sikioni njia nzima, umbea wa saluni, ndoto ulizoota, kila kitu. Unadhani sisikii kwa sababu sijibu. Nasikia, mke wangu. Nitaendaje kazini kimya kimya?"

Kwanza nilikasirika. Si angesema nyumbani, badala ya kuisingizia rangi ya watu? Halafu hasira ikaniisha, maana hata mimi asubuhi zile zilikuwa zimeanza kuniuma kabla hazijaisha, na nilikuwa nimejikaza kisabuni nisimwambie mtu.

Nikaangaza macho dukani. Kwenye kona kulikuwa na baiskeli ndefu, wameitundikia helmeti kana kwamba ni msumari wa ukutani. Nyuma ilikuwa na kiti kirefu, vyuma vya kushikilia na mahali pa kuwekea miguu.

"Na ile?"

"Ile ni ya mizigo," dada muuzaji akaitikia kutoka stoo, kumbe masikio alikuwa ameyaacha huku.

"Mtu mzima inambeba?"

"Bila wasiwasi."

Nikamgeukia mume wangu. "Ghala lenu liko njiani kwangu. Nakushusha, napanda mlima wangu. Jioni nateremka, nakuchukua."

"Mimi nibebwe na mke wangu, wapakiaji wote wakiangalia?"

"Miaka yote wewe unanibeba wasusi wakiangalia. Nilikufa?"

Akacheka, na shingo yake ikanyooka.

Ile yenye rangi mbaya niliiaga shingo upande. Hii ndefu ilikuwa nzito, sitaficha, na tulipoanza iliyumba, mume wangu akaning'ang'ania kiunoni kama mtoto. Kisha mota ikashika kazi. Tulikipanda kimwinuko kile watu wawili, miguu yangu ikiwa imechoka vilevile, na sikuhema. Hapo nikajua kwamba ufunguo ni wangu. Tukailipia, tukashika nayo njia ya nyumbani.

"Una mvi mbili hapa nyuma," akaniambia sikioni.

Msusi mzima, nimepaka rangi vichwa vya mtaa mzima, na kisogo changu mwenyewe sikuwa nakijua!

"Usizing'oe," akasema. Halafu akaendelea: vigae vilivyopasuka wakati wa kupakua, mlinzi anayemficha paka chini ya meza, bosi wao aliyesinzia kikaoni na kalamu mdomoni. Aliongea kona baada ya kona, bila kupumzika.

Mimi nilikuwa na barabara ya kutazama na breki za kushika. Nikamwitikia kwa kichwa.