Msumari wa Mzee Riungu

Kila nilipompa Mzee Riungu picha, kitu cha kwanza alichofanya ni kuipindua kichwa chini. Nyuki wangu alikuwa miguu juu, ua la kahawa likining'inia vibaya, naye ameinama juu ya meza, miwani imemshuka puani, anatafuta kosa.

"Ukiitazama wima utamwona nyuki umpende," alizoea kusema. "Ikipinduliwa unabaki na mwanga na kivuli. Hapo hudanganyiki."

Studio yake ilikuwa Majengo, mjini Meru, chumba cha kupanga ubavuni mwa bucha, chenye pazia la buluu la picha za kitambulisho. Ukutani juu ya rafu alitundika picha alizoziona hazina dosari. Zilikuwa chache mno. Pembeni mwa picha hizo palikuwa na msumari mtupu, nami niliutamani msumari ule miaka na miaka. Wenzangu walitamani magari na mabati mapya. Mimi Makandi, mkulima wa kahawa, mke wa Kiogora, nilitamani msumari.

Usidhani nilikuwa mpole. Nilimjibu. "Mzee, hata kizuri kimoja hukukiona?"

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

"Haya basi, nionjeshe hilo la maji!"

Alicheka hadi miwani ikamwanguka. Kisha akasema kitu ambacho sijakisahau. "Kila Jumamosi niko mazishini na kamera yangu. Nasikia watu wakisifiwa. Marehemu alikuwa mkarimu, marehemu alikuwa mchapakazi. Mbona hawakumwambia akiwa na masikio? Lakini nimezoea, sifa ni za kaburini. Aliye hai mwambie kosa lake, maana yeye ana kesho." Akanirudishia picha. "Siku ya soko lete nyingine."

Hivyo ndivyo alivyoniaga sikuzote. Nilirudi nyumbani nimefura, nikimtukana kimoyomoyo, na alfajiri ya kesho yake nililala kifudifudi chini ya mikahawa na kamera yangu, nikifanya alichosema: nisubiri umande, niliepuke jua la mchana, nisogee pembeni hadi nyuma ya mdudu pasiwe na vurugu ya matawi. Kiogora alinipita na jembe begani, akasema, "Amka, mama, majirani watadhani nimekuua nikashindwa kukuzika." Nazo picha zilizidi kuwa nzuri, ingawa Mzee hakuthubutu kulitamka neno hilo.

Kisha makosa yangu yote yakawa kosa moja.

"Jicho hukulilenga. Umelenga bawa."

Ukimpiga picha mdudu kwa karibu namna ile, panapong'aa ni padogo kuliko punje ya mtama. Pengine pote panafifia. Kamera ikiachiwa ilenge yenyewe hubabaika, sharti ulenge kwa jicho lako. Na mdudu asiyeonekana jicho, alisema Mzee, ni takataka iliyoangukia jani. Nilimletea kereng'ende: bawa. Nikamletea siafu: mguu. Nikamletea nyuki mwingine: bawa tena.

"Unaharakisha," alisema.

"Siharakishi! Wewe ndiye umezeeka, huoni kitu kizuri hata kikikuuma!"

Hakukasirika. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. "Makandi, mbona ukizungumza nami unalitazama sikio langu?"

Nilinyakua picha zangu nikaondoka. Nilijua. Kila nilipomtazama nyuki usoni, uso ulimezwa na doa la kijivu. Nikimtazama ubavuni, alirudi. Nilikuwa nimejiambia ni uchovu, ni moshi wa jikoni, ni uzee unabisha hodi. Hospitalini daktari wa macho, binti mdogo mwenye sauti ya upole, hakunizungusha. Katikati ya macho pamechakaa, alisema, yote mawili. Kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kitaendelea kwenda. Pembeni nitaona. Nilimuuliza kama kuna dawa, akaushika mkono wangu.

Sikumwambia Mzee. Nililala chini ya mikahawa siku nyingi, nikipiga kwa kubahatisha, magoti yananiuma, nikimwomba Mungu jicho moja tu la nyuki. Siku ya soko nikachukua moja, nisijue hata nimechukua ipi, nikashuka Majengo.

Mzee alinimiminia chai. Akaipokea picha. Nilitega sikio nisikie karatasi ikigeuzwa juu ya meza. Haikugeuzwa.

"Nzuri," akasema.

Nikakiweka kikombe chini.

"Nzuri sana, Makandi. Una subira, una bidii. Wachache wenye mkono kama wako." Nikasikia kigoda kikiburutwa hadi chini ya rafu, na mzee wa watu akipanda huku anakohoa. "Kuna msumari hapa."

Akufukuzaye hakwambii toka. Una subira, una bidii: kilichobaki ni kuimba wimbo na kutupa udongo. Machozi yalinitoka pale pale, tena ya hasira.

"Shuka, Mzee."

"Ngoja niinyooshe."

"Nimesema shuka! Unanizika na bado ninakunywa chai yako? Shuka uipindue!"

Alishuka. Alikaa. Kisha nikaisikia karatasi ikigeuka.

"Jicho halipo," akasema polepole. "Umelenga bawa. Wala si bawa lote, ni ncha yake."

"Na nyuma?"

"Vurugu. Tawi limemchoma mgongoni."

"Endelea."

"Mwanga umemwagika kwenye petali. Umepiga kutoka juu kama mtu aliyesimama. Makandi, tafadhali."

"Endelea, Mzee."

Akaendelea. Alinikosoa hadi sauti ikamkauka, kosa baada ya kosa, naye analia waziwazi, nami nimeketi mbele yake nimenyooka, nikiona raha ambayo sijui niielezeje. Nilikuwa hai. Nilikuwa mwanafunzi wake mbishi mwenye mikono michafu ya udongo wa kahawa, na picha yangu ilikuwa mbaya kabisa.

Makosa yakaisha. Nikangoja lile neno lake la kuniaga, kwamba siku ya soko nilete nyingine. Nilitandaza viganja juu ya magoti, nikangoja. Upande wa pili wa ukuta mchinjaji aligonga mfupa, akagonga tena, akanyamaza. Mzee aliilaza picha mezani, akafuta miwani kwa ncha ya shati.

"Chai yako inapoa, Makandi," akasema.

Nikatazama kando ya kikombe, ndipo nikakiona.