Ubongo Namba Arobaini na Saba

Mimi mdadisi, na sijifichi. Wenzangu wakiona picha ya ubongo huuliza una ugonjwa gani. Mimi huuliza kwanza ni wa nani, anapenda kula nini, analalia ubavu upi. Ndiyo maana utafiti wa Profesa Tak ulinitesa. Picha sitini za MRI, nusu za watu wenye kipandauso, nusu za watu wazima wasio na shida yoyote, na zote zimefutwa majina, hata sura. Zilibaki namba tu.

Wasomaji tulikuwa wawili. Mimi, Seok Yeon-ju, nilikuwa mwaka wa pili wa kujifunza kusoma picha za ubongo katika hospitali moja ya Daejeon. Mwenzangu alikuwa Daktari Ma Jong-hyeok, aliyenitangulia miaka tisa na kunifundisha karibu kila ninachokijua. Kila mmoja alisoma peke yake, akaandika kama ubongo ni mzima au una kasoro gani, bila kuchungulia majibu ya mwenzake. Jumanne mchana tukakaa pamoja na zile tulizotofautiana, tukubaliane jibu moja.

Sasa, kukubaliana kwetu kuna maana yake: mdogo anafuta lake. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, wala Profesa hakuiomba. Ni adabu tu, kama kutogusa chakula kabla mkubwa hajashika vijiti vyake. Tulitofautiana picha kumi na mbili, na kufikia saa tisa nilikuwa nimeshafuta majibu yangu kumi na moja, mengine kwa haki, mengine huku nimeuma meno.

"Imebaki arobaini na saba," nikasema.

"Futa hiyo, tukanywe kahawa."

"Kaka Ma, tuiangalie kwanza."

"Nimeshaiangalia. Mzima huyo. Ana kifuko cha maji hapo kushoto, kazaliwa nacho, hakina neno. Umekiona?"

"Nimekiona."

"Basi. Wewe uliandika nini?"

"Mshipa umevimba. Kulia, huku chini karibu na shina la ubongo."

Akacheka. "Mdogo wangu, wiki iliyopita uliniambia mshipa umevimba, kumbe umejikunja. Juzi tena, umejikunja. Wewe kila mshipa unauona una mimba."

Masikio yalinichoma, maana alisema kweli. Lakini picha ile nilikaa nayo dakika arobaini, nikairudia siku ya pili. Kivimbe cha namna ile kinaweza kukaa kimya hadi uzeeni, na kinaweza kupasuka kesho asubuhi mtu anapiga mswaki. Kikijulikana mapema, kinazibwa. Nikifuta, namba arobaini na saba anaingia kwenye orodha ya wazima, na hakuna atakayemtafuta tena.

"Leo sifuti," nikasema.

"Hufuti?"

"Mpaka ukione."

Aliegemea kiti chake kikubwa, akanitazama kama mtu aliyejibiwa na meza. "Yeon-ju, huyu mtu ni mzima. Namjua."

"Unamjuaje, na jina limefutwa?"

Udadisi wangu wote ulisimama wima. Yeye akajikuna shingo, akitabasamu kama aliyefumaniwa akila usiku.

"Usimwambie Profesa. Hicho kifuko ni changu. Wazima wa kupigwa picha walipopungua, si alituomba sisi wa idara tukalale kwenye mashine? Nakijua tangu nikiwa mwanafunzi. Nilipokiona tu nikasema, ah, mwenyewe huyu."

"Halafu?"

"Halafu nikaandika mzima, nikaenda namba arobaini na nane."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, si kwa hili. Nilitamani sana, kuliko nilivyowahi kutamani kitu katika kazi hii, niwe nimekosea mara ya tatu. Alikuwa ameona kitu anachokijua, kikamfurahisha, naye akaacha kutafuta. Kosa hilo amewakemea wanafunzi wangapi, mimi nikiwemo.

Nikavuta kipanya upande wangu, nikaiacha mishipa peke yake kwenye kioo, nikaanza kuizungusha taratibu. Mshipa uliojikunja ukiugeuza unanyooka. Nikaugeuza kutoka mbele. Kutoka kulia. Kutoka chini. Kile kinundu kilibaki palepale, na shingo yake nyembamba.

"Zungusha tena," akasema.

Nikazungusha.

"Milimita ngapi?"

"Saba."

Akasogea hadi pua karibu iguse kioo. Mara hii alisoma picha yote, kipande kwa kipande, mdomo ukichezacheza. Alipomaliza alichukua fomu yetu, akakata neno lake kwa mstari mmoja, akaliacha langu.

"Profesa nitamwambia mwenyewe," akasema. "Sikupaswa kuisoma hata kidogo."

Kisha akainuka, akaniashiria nikalie kiti chake, yeye akavuta kile cha pembeni kisicho na magurudumu.

"Haya, niambie."

"Nikuambie nini, Kaka? Umeshaona."

"Mimi daktari ndiye nimeona. Huyu mwingine, mgonjwa, bado hajaambiwa."

Siku za kliniki yeye ndiye huwaambia wagonjwa. Mimi husimama nyuma na faili. Niliogopa, na nilimpenda mtu yule kama ndugu. Nikamwita kwa jina lake lote, kama tunavyowaita wao.

"Bwana Ma Jong-hyeok."

"Naam," akaitika, akaweka mikono yote miwili magotini.